Uchumi wetu ulikua asilimia 25 kwa siku moja? Uzi wa wanaobishania pato la taifa

KaraniWaNakuru

Wakubwa, kuna grafu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, bila shaka imewafikia. Inaonyesha pato la kila Mkenya kwa dola, rais baada ya rais, na ukifika 2013 mstari unaruka juu ghafla. Wa mrengo huu wanasema huo ndio uongozi, wa mrengo ule wanasema ni uongo mtupu. Wote wanagombania kitu ambacho hakikutokea.

Septemba 2014 Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, lilitoa upya hesabu za mwaka 2013. Pato la nchi likapanda kutoka kama dola bilioni 44 hadi bilioni 55, yaani asilimia 25.3 zaidi. Pato la kila mtu likatoka dola 994 hadi 1,246, na magazeti yakaandika kwamba sasa sisi ni nchi ya kipato cha kati. Hakuna gunia jipya la mahindi lililotoka Njoro siku hiyo. Kilichobadilika ni mwaka wa kizio: walikuwa wakitumia 2001, wakahamia 2009.

Kwa wasioufahamu: hakuna shirika la takwimu duniani linaloweza kuhesabu kila kibanda kila mwaka. Linachagua mwaka mmoja, linafanya tafiti kubwa za viwanda, biashara ndogo, wafanyakazi na matumizi ya kaya, kisha linapata picha: kilimo kinachangia hiki, uchukuzi kile, nyumba za kupanga kile. Miaka inayofuata picha hiyo inasukumwa mbele kwa viashiria: miwa iliyosagwa, umeme uliouzwa, saruji iliyonunuliwa, maziwa yaliyopelekwa viwandani, watalii walioingia. Ni njia nzuri mradi uchumi usibadilike sura.

Sasa fikiria picha ya 2001. Simu za mkononi zilikuwa za wachache. M-Pesa ilikuja 2007. Boda za Kisumu na Busia zilikuwa baiskeli. Pikipiki zilijaa baada ya serikali kuondoa ushuru wa pikipiki ndogo 2008. Ukiendelea kuukuza uchumi wa 2013 kwa mizani ya 2001, kazi za mamilioni ya watu zinapitia pembeni. Kwa hiyo siku ya kuhesabu upya ikifika, namba lazima iruke.

Aliyechora grafu ameshika namba za ripoti za zamani akaziunganisha na za ripoti mpya. Ukitaka kulinganisha miaka, baki ndani ya mfululizo mmoja, tumia bei za mwaka wa kizio, kisha ugawe kwa idadi ya watu ya kila mwaka. Grafu ile haijafanya hata moja.

FundiKamas

Kwa hivyo walipika. Si useme tu.

KaraniWaNakuru

Hapana ndugu yangu. Kupika ni kuandika kitu ambacho hakipo. Hapa kitu kilikuwepo na hakikuandikwa. Hiyo pikipiki uliyoitengeneza 2012 ilikuwa pikipiki ya kweli.

FundiKamas

Sawa, lakini angalia wakati wenyewe. 2014 ndio mwaka wa Eurobond, ule mkopo wa serikali kutoka kwa wawekezaji wa nje. Uchumi ukionekana mkubwa, deni linaonekana dogo. Mimi si mchumi lakini kugawanya najua.

MwalimuLurambi

Fundi, kugawanya unajua kweli, tarehe ndizo zinakukataa. Eurobond ya kwanza ya dola bilioni 2 iliuzwa Juni 2014, hesabu mpya zikatoka Septemba. Waliotukopesha hawakuzisubiri.

Ila wasiwasi wako una mzizi. Tangu 2023 sheria yetu haiweki tena kikomo cha deni kwa shilingi. Kilikuwa trilioni 10, sasa ni asilimia 55 ya pato la nchi, deni lenyewe likipimwa kwa thamani ya sasa, yaani malipo ya baadaye yakigeuzwa thamani ya leo. Maana yake kila anayepima pato la nchi anapima pia nafasi ya kukopa. Ndiyo sababu ofisi ya takwimu inatakiwa kukaa mbali na Hazina kuliko inavyokaa mahakama na polisi.

Na hatuko peke yetu. Ghana Novemba 2010 walihama kutoka 1993 kwenda 2006, uchumi wao ukaongezeka kama asilimia 60. Nigeria Aprili 2014 walihama kutoka 1990 kwenda 2010, wakaongezeka asilimia 89, wakaipita Afrika Kusini kwa tangazo moja. Mizani ya 1990 haikuwa na kampuni za simu za mkononi wala Nollywood ya leo. Ushauri wa wataalamu ni kubadilisha mwaka wa kizio kila baada ya miaka mitano hivi, na ukichelewa miaka ishirini mruko unakuwa wa kutisha. Sisi tulihama tena Septemba 2021, kutoka 2009 kwenda 2016, na mara hiyo mruko ulikuwa mdogo, hata magazeti hayakushughulika nao sana.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawaliangalii. Kiwango cha ukuaji nacho kinabadilika. Ukuaji wa 2013 ulitoka 4.7 hadi 5.7 kwa mizani mpya. Na 2008, mwaka wa ghasia za baada ya uchaguzi, ripoti ya kwanza ilisema uchumi ulikua asilimia 1.7. Fungua mfululizo unaotumika leo, utakuta kama 0.2.

FundiKamas

2008 ilikua? Kisumu hapa? Omera, mtaa mzima wa maduka ulikuwa majivu.

KaraniWaNakuru

Nakuru pia Fundi, tunakumbuka wote. Lakini namba ya taifa inachanganya Kisumu iliyoungua, Mombasa iliyokosa watalii, na sehemu ambako watu walivuna na kuuza kama kawaida. Halafu kumbuka pato la nchi linapima kilichozalishwa mwaka huo. Duka lililochomwa halikatwi kwenye hesabu hiyo. Kinachopungua ni mauzo ambayo lingefanya. Na ukilijenga upya, zile fedha za saruji na mafundi zinaongeza pato. Ni kipimo cha kazi ya mwaka, hakijui ulichonacho wala ulichopoteza.

DadaObunga

Nimesoma kimya tangu mwanzo, sasa naomba kuuliza. Mimi nakaanga mgongo wazi. Kiwanda kinanunua mbuta, kinatoa minofu kinapeleka ng'ambo, sisi tunachukua mgongo na kichwa tunakaanga tunauza. Sina leseni, sina risiti, kitabu changu kiko kichwani. Hiyo trilioni mnayoisema mimi niko wapi ndani yake?

KaraniWaNakuru

Dada, hilo ndilo swali la uzi huu, na uniruhusu nilijibu kwa urefu.

Minofu ni rahisi. Kiwanda kina vitabu, bandari na uwanja wa ndege vina karatasi za forodha. Kinachohesabiwa hapo ni thamani iliyoongezwa: bei ya minofu ukitoa samaki, barafu, umeme na mafuta ya gari. Samaki mwenyewe amehesabiwa upande wa uvuvi.

Kwako wewe hesabu ni ileile: bei ya mgongo uliokaangwa, toa bei uliyonunulia, toa mafuta, kuni, chumvi na karatasi za kufungia. Kinachobaki ni mchango wako kwa pato la nchi, na kinastahili kuhesabiwa kama cha kiwanda. Shida ni kukijua. Mwaka wa kizio watafiti wanachukua sampuli ya biashara ndogo, wanauliza mauzo na gharama, wanapata wastani wa thamani ambayo mtu mmoja wa kazi ya namna yako anaiongeza. Kisha wanazidisha kwa idadi ya watu wanaofanya kazi hiyo, ambayo inatoka kwenye sensa na tafiti za wafanyakazi. Mizani yetu ya sasa ilitumia utafiti wa biashara ndogo na za kadiri wa 2016 pamoja na utafiti wa bajeti za kaya wa 2015/16.

Kwa hiyo umo, lakini umo kama wastani. Na miaka inayofuata hakuna anayerudi Obunga kukuuliza. Wanakusukuma mbele kwa kiashiria, tuseme ukuaji wa wafanyakazi wa sekta isiyo rasmi au tani za samaki zilizoteremshwa. Ukiacha mgongo ukaanza kuuza kuku, mizani inachelewa kukujua mpaka utafiti mkubwa unaofuata. Na zaidi ya asilimia 80 ya walioajiriwa nchini wako jua kali, yaani hiyo sekta isiyo rasmi. Ndiyo maana nikisikia mtu anabishania tofauti ya 4.7 na 4.9 huwa nacheka peke yangu.

Mimi nilikuwa karani kwenye utafiti wa 2015/16. Kaya zaidi ya 20,000 nchi nzima, na kila kaya mnaulizana imekula nini na imenunua nini. Watu wanafikiri ugumu ni watu kudanganya. Ugumu wenyewe ni vipimo. Mama mmoja anasema alinunua gorogoro mbili za maharage, wa pili debe la viazi, wa tatu mkungu wa ndizi, wa nne fungu la sukuma. Gorogoro ya soko moja inajazwa mpaka inamwagika, ya lile jingine imekandamizwa chini. Yote lazima igeuzwe kilo na shilingi kabla haijawa takwimu.

DadaObunga

Nimekuelewa. Sasa kingine. Siku hizi nauza kwa shilingi nyingi kuliko miaka mitano iliyopita, lakini mgongo wenyewe ninaopata ni mchache, ziwa limechoka. Hapo mnasema nimekua?

MwalimuLurambi

Hapo kwa bei za mwaka husika umekua, kwa bei za mwaka wa kizio umeshuka. Dada umefundisha somo ambalo mimi hulifundisha kwa wiki mbili. Bei za mwaka husika zinapima wingi na mfumko kwa pamoja. Ile nyingine inashikilia bei za mwaka mmoja na kuacha wingi pekee usogee. Mwanasiasa atakupa ya kwanza kila mara, kwa sababu haishuki karibu kamwe.

DadaObunga

Na nikikaanga samaki wa kuuza nahesabika, nikikaanga wa wanangu jioni?

MwalimuLurambi

Huhesabiki. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinaingiza mahindi unayolima ukala mwenyewe, hata maji unayochota na kuni unazookota. Nyumba unayoishi yako mwenyewe inakadiriwa kodi kana kwamba umejipangisha. Lakini kupika, kufua, kulea watoto na kuuguza wazee nyumbani kumeachwa nje. Ugomvi huu ni wa zamani. Miaka ya 1940 mwanauchumi Phyllis Deane alitumwa kupima pato la Zambia na Malawi za wakati wa mkoloni, akakaa vijijini, akaona kwamba ukiiacha kazi hiyo ya wanawake umeacha sehemu kubwa ya uchumi wenyewe. Hawakumsikiliza. Kenya ilifanya utafiti wa matumizi ya muda mwaka 2021, na wanawake walionekana kutumia karibu mara tano ya muda wa wanaume kwenye kazi hizo. Namba hiyo iko kwenye ripoti yake, kwenye pato la nchi haimo.

Kwa hiyo mama akiacha kulea mwenyewe akaajiri yaya, uchumi unakua. Mtoto ni yuleyule.

BusiaMpakani

Na sisi wa mpakani? Mayai, mahindi na maharage ya Uganda yanavuka kwa baiskeli na kichwani mchana kweupe. Uganda huwa wanaweka watu wa kuhesabu biashara hiyo isiyopita forodha, nimewaona na madaftari yao.

KaraniWaNakuru

Ndiyo, shirika lao la takwimu limekuwa likifanya hivyo kwa miaka mingi pamoja na benki kuu yao. Pato la nchi unaweza kulipima upande wa kilichozalishwa au upande wa kilichotumika, na uingizaji unatolewa upande wa matumizi. Tukila mayai ya Uganda na forodha haikuyaona, hesabu ya matumizi inaweza kuonyesha kana kwamba kuku walikuwa wetu. Ndiyo sababu Kenya hutegemea zaidi upande wa uzalishaji, na ile tofauti ya pande mbili inaandikwa wazi kwenye majedwali. Mimi huwa naanza kusoma hapo. Nchi ambayo tofauti hiyo ni sifuri kila mwaka inanitia shaka zaidi.

MtoroWaBaridi

Niko Minnesota, nyumbani Vihiga. Hesabu mnazozungumza zinatusahau sisi. Benki Kuu yenyewe ilisema mwaka 2024 tulituma dola bilioni 4.9 na zaidi. Hiyo ni kubwa kuliko chai. Hakika pato la taifa limebebwa na sisi.

MwalimuLurambi

Ndugu, tunawashukuru, lakini hapana. Kuna pato la ndani, linalozalishwa ndani ya mipaka na yeyote yule. Kuna pato la taifa, ambalo ni hilohilo ukiongeza mishahara, faida na riba ambazo wakazi wa Kenya wanapata nje, ukatoa zile ambazo wageni wanapata hapa. Wewe unaishi na kufanya kazi Marekani, kwa hiyo mshahara wako ni pato la Marekani. Unachomtumia mama ni uhamisho, kama zawadi. Hakimo kwenye la ndani, hakimo kwenye la taifa. Kinaonekana ngazi ya tatu, mapato yanayoweza kutumika.

Ila mama akijenga nyumba kwa fedha hizo, fundi, mchanga na mabati yaliyotengenezwa hapa vinaingia kwenye pato la ndani. Unaingia kwa mlango wa nyuma.

MtoroWaBaridi

Mlango wa nyuma na mimi ndiye nimelipa paa!

NesiHomaBay

Naomba niingilie, maana huku kwetu namba hizi si za grafu. Gavi, wanaosaidia nchi kununua chanjo, huangalia pato la taifa kwa kila mtu ili kuamua nchi ichangie kiasi gani yenyewe. Nchi ikipanda, mchango wake unapanda mpaka ijitegemee. Benki ya Dunia ilituweka kipato cha kati cha chini Julai 2015. Chanjo ya malaria ilipoanza kutolewa nchini Septemba 2019 ilianzia hapa Homa Bay. Mtoto wa kituo changu hajui mwaka wa kizio, lakini mwaka wa kizio unamjua yeye. Je, kuna anayekaa chini kufikiri kwamba kuhesabu vizuri kunatupunguzia misaada?

KaraniWaNakuru

Wanafikiri, nesi, na katika baadhi ya nchi hilo limekuwa kishawishi cha kutokuwa na haraka ya kuhesabu upya. Mimi naona bado ni afadhali kujua. Ukipanga bajeti ya chanjo kwa uchumi uliokadiriwa chini kwa moja ya tano nzima, unapanga pia kodi na mikopo kwa gizagiza. Lakini nakubali kwamba anayelipia usahihi huo mara nyingi si yule aliyeshangilia namba.

FundiKamas

Na ile habari ya uchumi wetu kuipita Ethiopia 2025? Hiyo si tulifanya kazi?

MwalimuLurambi

Kazi tulifanya, ila hilo lilifanywa na birr. Ethiopia waliiachia sarafu yao ielee mwishoni mwa Julai 2024, ikatoka kama 57 kwa dola hadi zaidi ya 100. Mkulima wa teff alivuna kama kawaida, uchumi wake kwa dola ukapunguka. Sisi shilingi ilikuwa imefika kama 160 mapema 2024 ikarudi 129, tukavimba kwa dola bila kuongeza hata kilo moja. IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, ikaweka namba mbili mezani na magazeti yakafanya mashindano. Kwa kulinganisha nchi na nchi kuna kipimo cha uwezo wa kununua, kinachouliza bei za bidhaa zilezile kila nchi, na kwa kipimo hicho Ethiopia bado ni kubwa kuliko sisi. Kwa kulinganisha Kenya ya leo na Kenya ya juzi, dola haina kazi kabisa.

BusiaMpakani

Karani, tupe basi mfano mmoja wa kufanya kwa njia sahihi. Mfupi.

KaraniWaNakuru

2023 pato la ndani kwa bei za mwaka husika lilikuwa kama shilingi trilioni 15. 2024 likawa kama trilioni 16.2. Mtu wa grafu atasema tumekua asilimia 8. Ondoa mabadiliko ya bei, inabaki 4.7, na hiyo ndiyo iliyotangazwa. Watu wanaongezeka kama asilimia 2 kwa mwaka, kwa hiyo kila kichwa kimepata kama 2.7. Ukigawa hiyo trilioni 16.2 kwa watu wote unapata kama shilingi 310,000 kwa mwaka kwa kila mmoja, mtoto mchanga akiwemo. Kaya ya watu watano ingekuwa na zaidi ya milioni moja na nusu. Tafuta kaya hiyo mtaani kwako.

Hapa Nakuru tunaliona vizuri. Kwenye hesabu za kaunti, ambazo KNBS ilianza kuzitoa 2019, sisi huwa miongoni mwa nne za kwanza pamoja na Nairobi, Kiambu na Mombasa. Lakini mvuke wa Olkaria uko kwetu, na maua ya Naivasha yako kwetu. Umeme na maua yote yanaandikwa Nakuru, na faida inalala inakotaka kulala. Hesabu ya kaunti ni ya mahali kitu kilipozalishwa. Anayechuma maua Naivasha na anayemiliki shamba wako kwenye namba moja.

FundiKamas

Hiyo ya milioni moja na nusu nitamuuliza mama watoto ameificha wapi.

NesiHomaBay

Na wakihesabu upya tena, mizani ya 2016 si imeshazeeka?

KaraniWaNakuru

Imeanza kuzeeka. Ni kabla ya korona, kabla watu hawajahamia kuuza kwenye simu kwa wingi hivi. Umoja wa Mataifa nao Machi 2025 ulipitisha kanuni mpya za hesabu za taifa zinazotaka mambo ya kidijitali na mazingira yaonekane vizuri zaidi. Kwa hiyo mruko mwingine utakuja, na yeyote atakayekuwa Ikulu ataupokea kama wake.

DadaObunga

Wakija na hojaji zao waje saa nane mchana. Asubuhi mafuta yako motoni na simjibu mtu.